Nyigu kiuno-uzi: tazama njano iko wapi, usihesabu ni nyingi kiasi gani

Nyigu mweusi mwenye kiuno chembamba cha njano, yule anayeingia sebuleni mchana na donge la udongo na kulibandika nyuma ya pazia, ni mgeni wa kawaida katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Jina lake ndilo linalosumbua. Ukimpiga picha na kuipitisha kwenye programu ya simu, unaweza kuambiwa ni Sceliphron caementarium, ambaye kwao ni Amerika Kaskazini. Mara nyingine unaambiwa ni S. destillatorium wa kusini mwa Ulaya. Wote hao ni ndugu wa karibu, wote ni weusi kwa njano, na wote hujenga kwa udongo. Anayewatazama kwa jumla huwachanganya. Anayejua doa lipi liko sehemu ipi hawachanganyi kirahisi hivyo.

Mwongozo huu unawahusu zaidi nyigu wa jenasi Sceliphron, kwa kuwa ndio tunaokutana nao ukutani kila siku. Jenasi nyingine za familia ya Sphecidae, yaani familia ya nyigu kiuno-uzi, zimeguswa pale tu zinapoweza kukupoteza.

Maneno machache ya mwili

Kikonyo ni ule uzi unaounganisha kifua na tumbo. Ukosi ni pete iliyo mbele ya kifua, nyuma tu ya kichwa. Kigamba cha bawa ni kibamba kidogo cha mviringo kinachofunika shina la bawa la mbele. Ngao ndogo ni kibamba kilicho katikati ya mgongo wa kifua, nyuma ya usawa wa mabawa, na nyuma yake kuna mstari mwembamba unaoitwa nyuma-ngao. Mguu una paja, muundi na wayo wenye pingili tano. Neno pingili litatumika pia kwa sehemu za tumbo na za vipapasio, kama pingili za muwa.

Jambo moja la maumbile linafaa kujulikana mapema. Sehemu ya nyuma kabisa ya kile kinachoonekana kuwa kifua ni pingili ya kwanza ya tumbo iliyoungana na kifua. Kwa hiyo kikonyo hakikai mpakani mwa kifua na tumbo kama macho yanavyodhani, bali kimo ndani ya tumbo lenyewe. Ndiyo maana umbo la kikonyo lina uzito mkubwa kuliko rangi yake: ni pingili nzima iliyobadilika, na kila jenasi imeibadilisha kwa namna yake.

Kumshika na kumpiga picha

Huhitaji kumuua. Mfunike kwa chupa pana inayopitisha mwanga, telezesha karatasi ngumu chini ya mdomo wa chupa, kisha iweke chupa kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandishia, kwa dakika 5 hadi 10. Akishapoa mweke juu ya karatasi nyeupe yenye miraba ya milimita. Una dakika moja au mbili kabla hajapata joto. Nyigu hawa hawana koloni ya kuitetea na si wakali, ila jike ukimbana kwa vidole atachoma. Dume hana mwiba.

Piga picha tano, na zote zihesabike kuwa za lazima:

1. Ubavuni, kikonyo kikionekana chote kuanzia kifuani hadi tumbo linapoanza kupanuka.
2. Juu, ili ukosi, vigamba vya mabawa na ngao ndogo vionekane.
3. Uso, pamoja na pingili ya kwanza ya kipapasio.
4. Mguu wa nyuma mzima.
5. Tumbo kutoka juu, hadi ncha.

Tumia mwanga wa kivulini, karibu na dirisha. Taa ya kamera ikimulika moja kwa moja huufanya weusi ung'ae kibuluu, na hapo Sceliphron hugeuka Chalybion, jamaa yake wa buluu, kwenye picha. Kinyume chake pia hutokea: Chalybion wa buluu akiwa gizani anaonekana mweusi tii. Futa udongo miguuni kwa brashi laini yenye maji kidogo, maana jike anayejenga mara nyingi amepakaa tope mahali palepale unapotafuta njano.

Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kwa karibu yote yaliyomo humu.

Kwanza, je, ni kiuno-uzi kweli?

Anayemwiga zaidi ni nyigu mfinyanzi wa jenasi Delta. Naye ana kiuno chembamba, naye hujenga kwa udongo kwenye kuta zetu, na watu wengi huwaita wote nyigu wa udongo bila kuwatofautisha. Watenganishe hivi. Delta akitua hukunja mabawa yake kwa urefu, kila bawa likaonekana kama ukanda mwembamba. Kiuno-uzi huyalaza bila kuyakunja. Jicho la Delta lina pengo upande wa ndani, kama haragwe. La kiuno-uzi halina pengo hilo. Na kikonyo cha Delta huanza chembamba kisha hupanuka taratibu kama kengele, kwa sababu kimeundwa na mabamba mawili ya pingili, la juu na la chini. Cha kiuno-uzi ni bamba la chini peke yake lililojikunja likawa bomba lenye unene uleule, na bamba la juu huanzia bomba linapoishia. Ukikiona kikonyo kama kijiti kilichochongwa sawasawa, uko kwenye familia sahihi.

Nyigu vimelea wa familia ya Ichneumonidae nao wana kiuno. Hao wana vipapasio virefu vinavyotetema muda wote, vyenye pingili nyingi. Jike wa kiuno-uzi ana pingili 12 tu kwenye kila kipapasio, na dume ana 13. Hesabu hiyohiyo inakupa jinsia, na unaweza kuithibitisha tumboni: jike ana pingili 6 zinazoonekana, dume 7. Ijue jinsia kabla ya kulinganisha chochote. Ukilinganisha dume na picha ya jike, utakuta tofauti ambazo hazihusiani kabisa na spishi.

Ndugu wanne wa Sceliphron

Sasa kiini. Uliza maswali haya kwa mpangilio huu, na usiruke.

Swali la kwanza: kikonyo kina rangi gani? Kwa Sceliphron spirifex, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, ni cha njano chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa S. destillatorium pia ni cha njano. Kwa S. caementarium kwa kawaida ni cheusi. Kwa S. curvatum hakina njano ile ya kung'aa.

Swali la pili, nalo ndilo linaloamua mengi: kifuani kuna doa lolote la njano? Kifua cha spirifex ni cheusi kabisa. Pitia ukosi, vigamba vya mabawa, ngao ndogo, nyuma-ngao na mwisho wa kifua juu ya kikonyo, mahali hapo patano moja baada ya jingine, na usitosheke na kuangalia mara moja kwa jumla. S. destillatorium, ambaye kikonyo chake kingekudanganya, huonyesha njano kwenye vigamba vya mabawa na kwenye nyuma-ngao. S. caementarium ana njano zaidi kifuani: kwenye ukosi, vigamba na ngao ndogo. Hivyo caementarium na spirifex, ambao programu huwachanganya, wako kinyume kabisa: mmoja ana njano kifuani na kikonyo cheusi, mwingine ana kifua cheusi na kikonyo cha njano. Kiasi cha njano kwa mwili mzima kinaweza kukaribiana, na hapo ndipo anayetazama kiasi badala ya mahali anapopotea.

Swali la tatu: pingili za tumbo zina mistari? S. curvatum ana mistari ya kahawia yenye wekundu kwenye kingo za pingili, na miguu yake ina wekundu huohuo. Ni mdogo na mwembamba kuliko wenzake. Asili yake ni Asia, upande wa milima ya Himalaya. Alionekana Ulaya mara ya kwanza nchini Austria mwaka 1979, akaenea haraka, na sasa yuko hata Amerika. Msomaji aliye Ujerumani, Uingereza au Kanada na anayekuta vyumba vya udongo nyuma ya vitabu aanze kumfikiria huyu.

Usitumie ukubwa kama hoja kuu. Urefu wa nyigu mzima hutegemea buibui aliowala akiwa buu. Chumba kilichowekewa chakula kidogo hutoa nyigu mdogo, na wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana waziwazi.

Miguu nayo itumie kama ushahidi wa pili. Spirifex ana miguu yenye mapande ya njano na meusi yanayopishana, lakini mpaka kati ya njano na nyeusi husogea kidogo kutoka mmoja hadi mwingine. Andika unachokiona, pande la njano liko kwenye paja, muundi au pingili ya kwanza ya wayo, kisha endelea. Usimpe jina kwa mguu peke yake.

Je, ukikuta mwenye kikonyo cha njano chote na kifua cheusi chote, hapa kwetu, ndiyo basi amekuwa spirifex? Katika nyumba na vibanda vyetu, kwa kawaida ndiye. Lakini Afrika ina Sceliphron wengine, wakiwamo S. quartinae na S. fossuliferum, na kuwatenganisha nao kwa uhakika kunataka kielelezo chenyewe kiwekwe kando ya vielelezo vya makumbusho. Kama una picha tu, andika Sceliphron cf. spirifex. Herufi hizo mbili na nukta humwambia msomaji kwamba umelinganisha na umeridhika, ila hujathibitisha. Na ukikuta doa la njano kifuani kwa nyigu wa Mombasa au Morogoro, liache jina la spirifex na uandike Sceliphron peke yake. Rekodi ya jenasi iliyo sahihi inafaa kuliko rekodi ya spishi iliyobuniwa, kwa sababu ya pili itanakiliwa na wengine kwa miaka.

Chalybion: wa buluu anayeishi nyumba ya mwingine

Sceliphron hana mng'ao wa metali mwilini. Chalybion anao, buluu au buluu yenye kijani, kichwani, kifuani na tumboni. Baadhi ya wale wa Afrika wana wekundu miguuni. Mgeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ya metali hubadilika kadiri pembe inavyobadilika, na weusi wa kawaida haubadiliki. Hakikisha unatazama mwili wala si mabawa, kwa kuwa mabawa ya moshi ya Sceliphron nayo yanaweza kurudisha mwanga wa zambarau.

Chalybion naye huwinda buibui, lakini hajengi kama Sceliphron. Hutumia matundu yaliyopo tayari, na mara nyingi vyumba vya Sceliphron. C. californicum wa Amerika Kaskazini hubeba maji badala ya tope, hulainisha udongo wa caementarium, hutoa buibui waliomo, huweka wake, kisha hufunga tena. Tabia hii ina matokeo kwa mtafiti: nyigu anayetoka kwenye kiota si lazima awe mtoto wa aliyekijenga.

Kusoma kiota

Kiota kinaweza kukupa jenasi hata kama mwenyewe hayupo, mradi usome umbo na yaliyomo kwa pamoja.

Spirifex hujenga vyumba vya bomba, kila kimoja kama kiungo cha kwanza cha kidole gumba, vikiwa vimelala sambamba, kisha huvifunika vyote kwa tabaka la tope hadi vikaonekana kama tope lililorushwa ukutani. Kiota kisichofunikwa bado ni kiota kisichomalizika, na humo mistari ya donge moja moja la udongo inaonekana vizuri. Curvatum hafuniki. Vyumba vyake hubaki vimesimama kimoja kimoja, na hupenda kuvijenga ndani ya nyumba kwenye nguo, vitabu na fremu za picha. Delta hujenga vyungu vya mviringo, na chungu kilicho wazi kina shingo ndogo iliyopinda nje.

Fungua chumba kimoja kwa ncha ya kisu, kwa upande, si kwa kupasua katikati. Hapo jibu huwa wazi. Buibui wengi waliopooza, bado laini, wengine wakitikisa miguu: Sceliphron, Chalybion, au nyigu wadogo wa jenasi Trypoxylon. Viwavi: Delta au jamaa zake. Buibui mmoja mkubwa peke yake, pengine amekatwa miguu: huyo ni wa familia ya Pompilidae, ambayo baadhi yake hujenga vyumba vidogo kama mapipa. Majani au utomvu wa mti: nyuki wapweke wamehamia. Chumba kilichokwisha kutumika kinasomeka pia. Tafuta kifukofuko cha kahawia, chembamba kama karatasi ya ngozi, chenye kinyesi kigumu cheusi upande mmoja. Vipande vya miguu ya buibui pembeni yake vinakuambia chakula kilikuwa nini. Vichwa vidogo vigumu vya kahawia ni mabaki ya viwavi.

Yai la Sceliphron kwa kawaida liko juu ya buibui wa kwanza kuingizwa, yaani chini kabisa, mwisho wa chumba. Usilichokonoe kama unataka kulea.

Kulea hadi watoke

Hii ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuunganisha kiota na mwenyewe. Kibandue kiota kizima kwa kisu chembamba chenye makali, ukianzia ukingoni. Kisha tenganisha vyumba kadiri udongo unavyoruhusu, kila chumba kwenye kichupa chake kilichozibwa kwa pamba, na kila kichupa na namba. Ukiviweka vyote kwenye mtungi mmoja na wakatoka watatu wasiofanana, hutajua nani alitoka wapi. Na kutofanana ni jambo la kawaida: chumba kimoja kinaweza kutoa Sceliphron, cha pili Chalybion, cha tatu Stilbum cyanurum, kimelea mnene wa kijani-buluu anayemeremeta kama shanga.

Usizibe kwa kifuniko kisichopitisha hewa, ukungu utaua kila kitu. Chandarua nacho hakifai. Vimelea wa jenasi Melittobia ni wadogo kama milimita moja, watapita na kuingia vichupa vya jirani, na kulea kwako kote kutaishia kwa wingu la vinyigu. Pamba iliyobanwa vizuri huwazuia. Weka vichupa kivulini, mbali na sisimizi, ukivikagua kila siku chache. Nyigu akitoka, mpe siku nzima kabla ya kumpiga picha. Rangi za aliyetoka sasa hivi hazijakomaa, na unaweza kuandika kahawia mahali patakapokuwa peusi kesho.

Wale wasiojenga kwa udongo

Ukikutana na kiuno-uzi kwenye njia ya mchanga akikokota kiwavi, uamuzi ni kati ya Ammophila na Podalonia. Wote huwa weusi, mara nyingi na wekundu tumboni. Rudi kwenye kikonyo. Cha Ammophila kinaonekana kama vijiti viwili vilivyounganishwa, kwa sababu baada ya bomba lenyewe, bamba la juu la pingili ileile nalo ni jembamba na refu; tumbo hupanuka polepole. Cha Podalonia ni kijiti kimoja, kisha tumbo hufura ghafla, na mwili mzima unaonekana mfupi na mnene. Tabia husaidia: Ammophila kwa kawaida huchimba shimo kwanza ndipo awinde, na Podalonia hukamata kwanza, hasa wale viwavi wanaokata miche usiku, ndipo atafute pa kuchimba. Jioni, Ammophila anaweza kukutwa amelala ameuma bua la nyasi, mwili umenyooka hewani. Kufika hadi spishi kwa Ammophila wa Afrika kwa picha tu ni kazi nisiyomshauri mtu. Ishia kwenye jenasi.

Wanaobeba panzi au jamaa za senene ni Sphex, Isodontia na Prionyx. Prionyx ni wa panzi. Kwa wawili wa kwanza, tazama mguu wa mbele wa jike. Sphex huchimba ardhini, hivyo wayo wake una safu ya miiba migumu kama reki. Isodontia hana reki hiyo, na kikonyo chake ni kirefu zaidi, mara nyingi kimepinda. Huyu hujaza nyasi kwenye mianzi au kwenye mifereji ya fremu za madirisha. Ukiona nyasi kavu zimechungulia tunduni mahali ambapo hakuna ndege, ni yeye.

Kielelezo kitakachokubalika

Ukihitaji jina la uhakika, mtaalamu atataka nyigu mwenyewe. Mtoboe kwa pini ya wadudu namba 2 kifuani, kidogo kulia mwa mstari wa kati, ili upande wa kushoto ubaki mzima. Nyoosha kikonyo kabla hajakauka, la sivyo tumbo litajikunja chini na kukificha. Spiriti hugandisha vinywele mwilini, kwa hiyo kumkausha ni bora kwa kundi hili. Kumbuka pia kwamba njano ya kielelezo kilichouawa kwa kemikali inaweza kugeuka nyekundu, ndiyo maana picha za akiwa hai ziambatane nacho.

Kibandiko kiandikwe kwa penseli: mahali hadi kijiji au mtaa, viwianishi vya GPS, mwinuko, tarehe na jina la mkusanyaji. Namba ya kichupa, ikiwa amelelewa, iwe kwenye kibandiko cha pili, na mabaki ya chumba yahifadhiwe kwenye bahasha yenye namba hiyohiyo. Ndani ya hifadhi usikusanye bila kibali. Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, vina wataalamu wa wadudu na vielelezo vya kulinganishia. Wapelekee jike na dume wa kiota kimoja kama unao, pamoja na kile kiota.